Njia ya Pembe, Ardhi ya Dhahabu

Dereva anayetoka Singida kwenda Nzega hupunguza mwendo kabla hajaliona bonde lenyewe. Uwanda wa juu wa Iramba unakatika ghafla, na barabara inashuka Mlima Sekenke kwa kona kali, malori yanayopeleka shehena Rwanda na Burundi yakijikongoja kwa gia nzito. Chini kumetandazwa mbuga ya Wembere, tambarare hadi macho yachoke. Abiria wengi wanaujua mlima huu kwa ajali zake. Wachache wanajua kwamba hapo chini, katika vilima vya Sekenke, Wajerumani waliikuta dhahabu mwaka 1907, na kuanzia 1909 kampuni yao ya Kironda ikawa inaichimba kwa mitambo. Huo ndio ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Kuanzia Sekenke kwenda magharibi, ardhi inayopita Igunga na Nzega hadi Kahama imekaa juu ya miamba ya kale sana, yenye mishipa ya dhahabu inayokatikia hapa na kuibukia pale. Ukielekea kusini kuna Tabora, mita takriban 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni humfanya mgeni kutoka Pwani ajute kuliacha sweta. Kwa miaka mingi misafara ilikanyaga nchi hii ikitafuta utajiri, na utajiri wenyewe ulikuwa pembe za ndovu. Dhahabu ilikuwa chini ya nyayo, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Mfano mzuri ni John Speke. Yeye na Richard Burton waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, siku 134 baada ya kuondoka Pwani. Mwaka uliofuata Speke akamwacha mwenzake mgonjwa, akashika njia ya kaskazini, akapita Msalala na kufika kwenye ziwa kubwa alilolipa jina la malkia wake. Siku hizi Msalala ni halmashauri, na ndani yake umo mgodi wa Bulyanhulu, mmoja wa migodi mikubwa ya dhahabu nchini. Speke alikuwa akiwaza chanzo cha Mto Nile, na waliombebea mizigo walikuwa wakiwaza ujira wao.

Hao wabeba mizigo ndio wenye njia. Wanyamwezi walikuwa wakishuka Pwani na pembe zao kabla wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili hawajajenga nyumba Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora, na hata baadaye misafara mingi ilitembea kwa miguu yao. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka wake, chungu na chakula. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia. Nyuma yake vilifuata vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wakati wa kupanda bara, na pembe wakati wa kurudi. Waligawa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Ugogo, wakavuka Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa ukame wake, kisha Tura na Rubuga, ndipo wakaiona miembe ya Unyanyembe.

Na Unyanyembe ilikula vizuri. Pembe nyingi zilikuwa mali ya mtu mwingine aliyekuwa Unguja au mbali zaidi, lakini kila msafara uliofika ulihitaji mtama, mchele, ng'ombe, kuku, pahali pa kulala na wapagazi wapya badala ya waliotoroka au kuugua. Mwenye mali aliweza kufilisika njiani kwa vita moja tu, kama ilivyokuwa mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji. Mwenye shamba la mpunga aliendelea kuuza mchele. Anayetaka kuielewa miji ya dhahabu ya mkoa wa Tabora leo asisahau hesabu hiyo, maana haijabadilika sana.

Dhahabu na Tabora zilikutana rasmi mwaka 1916, na kilichozikutanisha ni shida. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeikata Afrika Mashariki ya Kijerumani na Ulaya. Meli za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu hazikuja tena kutoka Berlin. Serikali ilikwisha kuchapa noti za dharura, lakini watu hawakuziamini karatasi hizo. Tabora, iliyofikiwa na reli ya kati mwaka 1912, ikawa makao ya utawala. Kwenye karakana ya reli huko Lulanguru, mashariki kidogo ya mji, mafundi wakaanza kugonga hela za shaba na shaba nyeupe, kisha wakaja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu yake ilitoka Sekenke.

Sarafu hiyo ni ndogo. Ina uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu. Upande mmoja kuna tai wa dola ya Kijerumani na maneno Deutsch Ostafrika. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini yake mwaka 1916 na herufi T, alama ya Tabora. Zilitengenezwa 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini na kazi ikakoma. Leo wakusanyaji wa sarafu Ulaya na Marekani huuziana kipande kimoja kwa maelfu ya dola, na katika orodha zao kinajulikana kwa jina la Tabora. Wakazi wengi wa Tabora yenyewe hawajapata kukiona.

Waingereza waliufufua mgodi wa Sekenke baada ya vita, na katika miaka ya 1930 dhahabu ya Tanganyika, hasa ya Lupa kule Chunya, ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za kuuzwa nje. Baadaye migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na kwa muda mrefu kitu kilichoitwa dhahabu magharibi mwa Tanzania kilikuwa tumbaku.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali iliporuhusu mtu binafsi kuchimba na kuuza, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Vijana wakaacha majembe, wakashika sururu. Nje kidogo ya mji wa Nzega, katika eneo la Lusu, waliokuwa wakichimba kwa mikono walikuwa wamekwisha kuonyesha pa kuchimba pale makampuni ya kigeni yalipofika na mashine za kutoboa miamba. Novemba 1998 mgodi wa Golden Pride wa kampuni ya Resolute ya Australia ulimimina dhahabu yake ya kwanza, ukawa mgodi mkubwa wa kwanza wa zama mpya nchini, kabla ya Geita na kabla ya Bulyanhulu. Waliotangulia kwa mikono waliondoka.

Mgodi huo uliendelea hadi mwanzoni mwa 2014. Ulitoa zaidi ya wakia milioni 2, yaani zaidi ya tani 60 za dhahabu. Ukitembea Nzega leo ukauliza tani hizo ziko wapi, utaonyeshwa shimo. Jibu hilo ni la haki kidogo na si la haki kidogo. Palikuwa na ajira, palikuwa na wazabuni wa vyakula na usafiri, nyumba za kulala wageni ziliongezeka, na kambi ya mgodi ilikabidhiwa serikali ili itumike kufundishia fani za madini. Lakini mikataba ya wakati ule iliweka ukomo wa dola 200,000 kwa mwaka kwa ushuru wa huduma uliolipwa halmashauri, hali sheria ya fedha za serikali za mitaa ilitaja hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Mrabaha wa serikali kuu nao, kwa Sheria ya Madini ya 1998, ulikuwa asilimia 3. Halmashauri ya Nzega ilikuja kulipwa zaidi ya shilingi bilioni 2 baada ya mvutano mrefu, wakati mgodi ukiwa ukingoni. Barabara ya lami ya Nzega hadi Tabora, kilomita zipatazo 115, ilijengwa katika miaka hiyohiyo ya 2010, sehemu kubwa ya dhahabu ya Lusu ikiwa imekwisha kupita.

Mgodi mkubwa una uzio, geti na ndege. Maisha ya dhahabu wanayoyajua watu wengi wa mkoa wa Tabora yako kwingine: Mwabangu na Isungangwanda upande wa Nzega, Matinje wilayani Igunga, Kitunda ndani ya misitu ya Sikonge, na ng'ambo ya Wembere, Shelui wilayani Iramba, ambako wachimbaji wadogo wamejiunga katika ushirika wa Sekenke One.

Mji wa aina hii huzaliwa kwa uvumi. Mtu amepata jiwe linalong'aa katika shamba la mihogo, na kabla wiki haijaisha pameshakuwa rashi, jina ambalo kila mchimbaji anatumia kwa mahali palipovamiwa kwa pupa. Kwanza huja wanaume na maturubai. Siku inayofuata wanafika mamantilie na masufuria, maana tumbo halingojei dhahabu. Kisha vibanda vya miti na bati, wakala wa kutuma pesa, mchaji wa simu mwenye jenereta au sola, kinyozi, muuza mitumba, mganga, mhubiri, na bodaboda wa kuwaunganisha wote na barabara kuu. Maji yanauzwa kwa dumu. Wali wa Igunga unaliwa kwa dagaa wa ziwani, na asubuhi za kubana matumizi ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, kwa chai ya rangi na karanga, chakula ambacho Mnyamwezi yeyote amekulia.

Kiini cha mji ni duara. Ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la kushukia, hata likiwa la pembe nne, na mengi huwa hivyo, kwa sababu kingo zake hushikizwa kwa matimba, magogo yaliyopangwa kama fremu ya dirisha kutoka juu hadi chini. Matimba hutoka miomboni, na kadiri duara linavyokwenda chini ndivyo msitu wa jirani unavyopungua. Mdomoni kuna winchi ya mkono, gogo linalozungushwa na watu wawili, kamba ikipandisha viroba vya mawe na kushusha watu, tindo na nyundo. Aliye chini hujua mvua imeanza kwa kuona maji yanachuruzika ukutani.

Vijana wa duarani hawana mshahara. Mwenye duara huwalisha miezi yote ya kutafuta mwamba, na mawe yakipatikana hugawanywa kwa mifuko. Mwenye leseni huchukua fungu lake, katika migodi mingi karibu asilimia 30; mwenye duara hurudisha gharama zake na kuchukua la kwake; linalobaki ni la walioshika nyundo, kila mmoja na mifuko yake. Ndani ya mfuko huenda kuna pesa ya kujengea nyumba, huenda kuna mawe tu. Hakuna anayejua mpaka usagwe.

Hapo ndipo karasha linapoingia. Mawe yanapondwa, kisha yanazungushwa na vyuma ndani ya pipa linalounguruma mchana kutwa hadi yawe unga. Unga huo humwagiwa maji juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa gunia au blanketi, mchanga mwepesi ukateremka na mzito ukanasa. Kilichonasa hukung'utwa ndani ya karai, zebaki ikatiwa, na mtu akakoroga kwa mkono mtupu huku akitazama pembeni akiongea. Zebaki hukusanya chembe za dhahabu. Kisha huminywa ndani ya kitambaa, ikatoka nje kama maji ya fedha, na ndani kikabaki kidonge cheupe, kigumu, kisichofanana kabisa na dhahabu. Kikiwekwa juu ya makaa zebaki hupanda hewani, na rangi ya njano hujitokeza polepole.

Moshi ule hauna harufu ya kumtahadharisha mtu, ndiyo maana mara nyingi kazi hii hufanywa kando ya jiko la chakula, watoto wakipita. Zebaki inashambulia neva: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea, na kwa aliye na mimba humdhuru mtoto tumboni. Tanzania ilitia saini mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013. Kipo kifaa cha kuchomea chenye kifuniko na bomba la kuirudisha zebaki chupani, na si kitu cha ajabu kukitengeneza. Lakini kinapunguza kasi, na aliyekaa miezi bila pesa hapendi kusubiri.

Zebaki hiyohiyo, kwa taabu yake yote, mara nyingi haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo. Inayobaki huenda na mchanga unaoitwa marudio, na katika maeneo mengi marudio ni mali ya mwenye karasha. Anayakusanya hadi yawe kichuguu, kisha anayauza kwa wenye matangi ya kuchenjulia kwa sayanaidi, ambao huvuna kile ambacho mchimbaji alikiona ni takataka. Mwenye karasha hajawahi kushuka duarani. Mamantilie naye hajawahi. Wote wawili hulala wakijua kesho wataingiza kitu, na tajiri wa rashi ukimfuatilia vizuri, mara nyingi alianzia kwenye mashine, duka au pampu ya maji. Wachimbaji wanalijua hilo kuliko mwandishi yeyote. Wanaendelea kushuka kwa sababu wapo waliowaona kwa macho wakipanda na mfuko mmoja uliobadilisha kila kitu, na mvua ya Novemba katika shamba la mahindi haijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Mvua ndiyo adui mkubwa. Udongo uliolowa hulegeza matimba, na taarifa za wachimbaji kufukiwa hutoka karibu kila masika. Januari 2024 watu 22 walipoteza maisha katika mgodi mmoja wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, kifusi kilipoporomoka wakati wa mvua. Kisa ambacho bado kinasimuliwa vijiweni, hata hivyo, ni cha Nyangalata wilayani Kahama. Oktoba 2015 duara liliporomoka na watu sita wakanaswa chini. Waliotafuta walikata tamaa. Zaidi ya siku 40 baadaye wachimbaji wengine walisikia sauti, wakachimba, wakawatoa watano wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefariki. Waliishi kwa maji yaliyokuwa yakidondoka, mizizi, vyura na mende.

Ambapo bahati inaamua mengi kiasi hicho, mganga hakosi wateja. Kirangozi wa zamani hakuanza safari bila dawa, na wenye duara wengi wa leo hawaanzi kuchimba bila kuchinja kuku au mbuzi. Hayo ni ya kuchekea pembeni. Yasiyochekesha ni uongo uliosambaa Kanda ya Ziwa na Tabora kuanzia mwaka 2007 hivi, kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta madini na samaki. Watu waliuawa na kukatwa viungo, watoto kwa wakubwa, na Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Wanunuzi wa viungo hivyo walisemwa kuwa watu wenye pesa, na kuna migodi ambako hadi leo mazungumzo hukatika mgeni akiuliza.

Ushuru nao una historia yake. Watemi wa Ugogo walidai hongo kwa vitambaa. Dola ya leo inadai mrabaha wa hadi asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya hadi asilimia 1, na halmashauri inadai ushuru wake wa huduma. Zamani juu ya hayo kulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na dhahabu ya wachimbaji wadogo ikawa inapotelea mifukoni mwa mabroka kuelekea mipakani. Baada ya mkutano wa Rais John Magufuli na wachimbaji jijini Dar es Salaam Januari 2019, kodi hizo mbili ziliondolewa kwao, na mwaka huohuo masoko ya madini yakaanza kufunguliwa mikoani. Sokoni bei ya siku imebandikwa ukutani na mizani iko mezani mbele ya ofisa. Broka hakufa, bado ndiye anayemkopesha mwenye duara chakula na dizeli mwezi wa tano bila mwamba, na mkopo huo hulipwa kwa kumuuzia yeye, kwa bei yake.

Jambo linalotikisa miji hii sasa linatoka mbali sana na Wembere. Machi 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 3,000 kwa mara ya kwanza, na Oktoba mwaka huohuo ikapita 4,000. Benki Kuu ya Tanzania nayo imerudi kununua dhahabu kwa ajili ya akiba yake. Kwa bei hiyo, mwamba ambao miaka kumi iliyopita haukulipa hata dizeli ya karasha sasa unalipa, maduara yaliyoachwa yanafunguliwa upya, na marudio ya zamani, yaliyosagwa mara moja yakaota nyasi, yanapimwa tena kwa malori. Kwa wenye mashamba waliokuwa wakiyaona kama uchafu wa kuwaharibia kilimo, swali limekuwa ni nani hasa mwenye kichuguu: aliyeusaga mchanga huo, aliyepewa leseni, au aliye na shamba ambamo ulimwagwa. Mabaraza ya vijiji yana kazi.